Mazungumzo ya Thailand na Myanmar mnatuandikia nusu

Mheshimiwa Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu marehemu mume wangu akilileta nyumbani jioni, na sijawahi kuwaandikia. Lakini ile habari yenu ya ujumbe wa Thailand kwenda kuzungumza na wakuu wa Myanmar juu ya ushirikiano na mageuzi ya kidemokrasia imenishinda kunyamazia. Mmetuwekea picha ya watu wakipeana mikono, mkasema mazungumzo yalikuwa ya kirafiki, mkaishia hapo.

Hao wakuu ni kina nani? Ni wanajeshi walioipindua serikali tarehe 1 Februari 2021, siku ambayo bunge jipya lilikuwa likutane, baada ya chama cha Aung San Suu Kyi, yule mama aliyekuwa akiongoza serikali ya kiraia, kuzoa viti 396 na chama kinachowaunga mkono wao kuambulia 33. Yule mama wakamfunga. Aprili mwaka huohuo Jenerali Min Aung Hlaing, mkuu wa jeshi aliyeongoza mapinduzi hayo, akasafiri hadi Jakarta, yakakubaliwa na viongozi wa ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-mashariki mwa Asia, mambo matano, la kwanza likiwa kukomesha ghasia mara moja. Ndege za kivita ziliendelea kupiga vijiji. Chama cha Suu Kyi kikafutwa 2023, na uchaguzi ulioanza tarehe 28 Desemba 2025 ukafanyika bila yeye na bila chama chake. Katiba yao ya 2008 inawapa wanajeshi robo ya viti vya bunge bila kupigiwa kura, na vifungu vyake vikuu havibadilishwi mpaka zaidi ya robo tatu ya wabunge wakubali. Mageuzi yatapitia wapi hapo, Mhariri? Mbona hamkuuliza?

Thailand nayo ina yake. Mei 2023 wananchi walikipa chama cha Move Forward viti vingi kuliko chama kingine chochote. Kiongozi wake, Pita Limjaroenrat, hakuupata uwaziri mkuu, kwa kuwa maseneta 250 walioachwa na utawala wa kijeshi wa 2014 walikuwa na kura katika jambo hilo na wengi wao wakamnyima. Mwaka uliofuata mahakama ikakivunja chama chenyewe. Sikatai majirani kuzungumza. Wana mpaka wa zaidi ya kilomita 2,400, wana wakimbizi, na Thailand inanunua gesi ya Myanmar kutoka Bahari ya Andaman, fedha ambazo zinaishia mikononi mwa wanajeshi. Basi andikeni kwamba walikwenda kwa ajili ya gesi na mpaka.

Mtanijibu kwamba Myanmar ni mbali. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alidanganywa na ajenti hapahapa mjini kwamba kuna kazi ya huduma kwa wateja Bangkok. Dada aliuza kiwanja. Kijana alipotua alipakiwa garini hadi Mae Sot, mji wa Thailand ulioko mpakani, akavushwa usiku Mto Moei ulio mpaka wa nchi hizo mbili, akajikuta Myawaddy, upande wa Myanmar, ndani ya kambi yenye ukuta na walinzi wenye bunduki, anaketishwa mbele ya kompyuta kutwa kucha kuwatapeli watu asiowajua, na akishindwa kufikisha kiwango anapigwa kwa fimbo ya umeme. Walitupigia simu wakitaka fedha ili wamwachie. Nilikwenda ofisi moja ya serikali, nikaambiwa nivute subira, mazungumzo yanaendelea. Nikarudi, nikaambiwa vilevile. Nilipouliza mazungumzo na nani, yule afisa akanitazama kama niliyemtukana. Na kweli angenijibu nini? Eneo lile limeshikwa na wanamgambo walioshirikiana na jeshi, jeshi linasema halihusiki, Thailand inasema ni ng'ambo ya mto, na umeme wa zile kambi ulikuwa ukitoka Thailand! Januari 2025 alipopotezwa mwigizaji mmoja wa Kichina, Wang Xing, alipatikana katika siku chache, China ikakasirika, na tarehe 5 Februari Thailand ikakata umeme, intaneti na mafuta. Maelfu ya watu wakatolewa, mpwa wangu akiwamo. Kumbe iliwezekana siku zote! Watoto wetu walikuwa wakilia mle kwa miaka, na swichi ilikuwa upande wa pili wa mto.

Na hili lanileta kwenye kurasa zenu za matangazo madogo. Kazi Thailand, kazi Dubai, mshahara wa dola, tiketi bure, piga namba hii. Hakuna jina la kampuni, hakuna anwani. Mnapokea ada ya tangazo, na mzazi anaamini kwa sababu ameliona gazetini. Dada yangu aliamini hivyohivyo.

Ninayotaka ni haya. Kila mnapochapisha habari ya mazungumzo ya namna hiyo, wekeni pembeni kisanduku: nani alikaa mezani, aliingiaje madarakani, nani yuko gerezani, na ni bidhaa gani iliyouzwa mwezi huo. Mistari sita inatosha, na yule mwandishi wenu wa habari za nje anaweza kuiandika kabla ya chai ya saa nne. Kuhusu matangazo ya kazi za ng'ambo, msipokee hata moja lisilo na jina kamili la wakala, mtaa wa ofisi yake na namba ya leseni kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na hiyo namba mpige simu muihakikishe kabla hamjapokea fedha.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa