Barua kwa Mwanangu Kuhusu Woka Unayotaka Kuninunulia

Barabara ya 12, Ngamiani,
Tanga.

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, hali yangu ni njema kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, ila goti la kushoto ni lile lile unalolijua. Picha ya kigari cha kutembelea uliyoituma niliipata, na dada yako alinikuzia kwenye simu mpaka nikakiona kikapu chake, breki zake na kile kiti cha kupumzikia. Nimeona nikuandikie kwa kalamu na kumpa dereva wa basi akuletee, kwa sababu jambo lenyewe linataka maelezo, na fedha unazotaka kuzitoa ni za jasho lako. Nakuomba usikinunue kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho.

Kuna jambo nilikuficha, na sasa naona haki yako ulijue. Wiki chache kabla ya mfungo nilianguka uani. Jirani yetu, kwa moyo mweupe kabisa, alikuwa amenipa woka, yaani fremu ya miguu minne ya kushikilia wakati wa kutembea, iliyokuwa ya marehemu mumewe, nami nikaipokea kama mtu anavyopokea mwavuli, nikidhani inamfaa yeyote. Marehemu alikuwa mrefu, na vitufe vya kupunguzia urefu vilikuwa vimeshikana kwa kutu, kwa hiyo nikawa natembea mabega yamepanda karibu na masikio na mikono haina nguvu ya kukandamiza chini. Mpira wa mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umelika hadi chuma kikachungulia katikati. Nikipita ukumbini nilikisikia kikigonga saruji, nisikitilie maanani. Fundi baiskeli wa hapo kona aliniviringishia kipande cha tyubu na kukifunga kwa waya, naye alifanya alichoweza. Siku ya tatu, ua ukiwa umetoka kuoshwa, tyubu likachomoka, mguu wa woka ukakimbia, nami nikaangukia ubavu karibu na pipa la maji. Mfupa haukuvunjika, alhamdulillahi. Lakini kwa wiki mbili nzima sikuvuka mlango wa mbele, nilikuwa nikienda kwa kukumbatia ukuta, na nilipoanza kutoka tena niliiona miguu imedhoofika kuliko kabla ya kuanguka. Hofu ilinikalisha, na kule kukaa kukanipunguzia nguvu.

Dada yako ndiye aliyenipeleka hospitali ya Bombo, kwenye mazoezi ya viungo. Binti aliyenihudumia ni kijana sana, umri wa mwanao wa kwanza, lakini alinifundisha kwa subira ambayo mimi, pamoja na miaka yangu yote ya kushika chaki, sikuwa nayo kila siku. Hakuanza na woka. Alinitazama nikiinuka kwenye kiti, akanitazama nikigeuka, akaniuliza nyumba yangu ina vizingiti vingapi, choo kiko ndani au uani, na usiku naamka mara ngapi. Kisha akaniambia nivae viatu vyangu vya kufunga, nisimame wima, niiachie mikono ining'inie tu, naye akachuchumaa na utepe kama wa fundi cherehani, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ikawa sentimita 78. Hapo ndipo vishikio vinapotakiwa kufika, ili nikivishika kiwiko kikunjike kidogo tu, nyuzi kama 15 hadi 30, na nguvu ya mkono ishuke moja kwa moja chini. Woka ya marehemu ilinizidi kwa karibu sentimita 12, basi si ajabu kwamba mabega yaliniuma kila usiku.

Sasa nije kwenye picha yako. Kigari kile, ambacho hospitalini walikiita rolata, kina magurudumu manne, na ni kifaa cha heshima. Nilisoma kwamba cha namna hiyo kilibuniwa mwaka 1978 na mwanamke wa Uswidi, Aina Wifalk, ambaye mwenyewe alipatwa na polio katika ujana wake, na jambo hilo lilinigusa, kwamba aliyekibuni alikuwa akiijua shida kwa miguu yake. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2016, liliziweka rolata na woka kwenye orodha yake ya vifaa saidizi 50 vinavyopaswa kupatikana kila nchi. Kwa hiyo sikikatai kwa dharau. Nakikataa kwa sababu ya goti langu, vidole vyangu na nyumba yetu.

Rolata ni ya mtu anayeweza kujibeba mwenyewe, ila anachoka upesi au anayumba kidogo. Mimi nikikanyaga mguu wa kushoto lazima nimwage uzito mikononi, na magurudumu manne yakimwagiwa uzito hukimbia mbele. Yule binti alinijaribisha kwenye rolata ya hapo hospitalini huku amenishika kiunoni kwa mkanda. Hatua ya tatu tu kigari kilikuwa kimenitangulia, nami nimeinama nakifuata kama mtu anayekimbiza kuku. Alinirudisha kitini bila kuniaibisha.

Halafu kuna breki. Ziko chini ya vishikio kama za baiskeli, unazibana ili kupunguza mwendo na kuzisukuma chini ili kukifunga kigari kisimame. Wewe unajua vidole vyangu vya mkono wa kulia vilivyo. Tangu mwaka jana siwezi kukamua tui la nazi moja mpaka machicha yakauke, namwachia mjukuu. Mkono usiokamua tui hauwezi kuibana breki kwa ghafula, tena kwenye mteremko, huku mwili umetangulia.

Iliyonifaa ni woka nyepesi ya alumini yenye magurudumu mawili madogo mbele na miguu miwili ya mpira nyuma. Ukiisukuma inakwenda, na ukiiegemea miguu ya nyuma inakamata sakafu. Walinijaribisha pia ile isiyo na gurudumu hata moja, ambayo huinuliwa kila hatua. Ni imara mno inaposimama, lakini baada ya hatua kumi pumzi zilikuwa juu, na kila nilipoiinua mwili ulitaka kurudi nyuma. Kuna nyingine ya magurudumu matatu, nyembamba, ila hupinduka kirahisi mtu akikata kona, basi tusiizungumze. Na bakora ya marehemu baba yako, ambayo uliipendekeza mwanzo, inashika upande mmoja tu, nayo kwa hali yangu ya sasa haitoshi.

Nilipotoka Bombo nilimwomba mjukuu anishikie ncha ya utepe tukapime nyumba nzima. Mlango wa mbele ni sentimita 90, wa chumbani kwangu 75, na wa choo, ule uliopachikwa na babu yako, 62 tu. Rolata ya kwenye picha, dada yako alivyosoma maelezo yake, ina upana wa sentimita 64. Maana yake ningeiacha nje ya mlango wa choo na kuingia bila kitu mahali penye maji, yaani pale pale ninapokihitaji kifaa kuliko pote. Woka unayoinunua isizidi sentimita 58, ili vidole vyangu visikwaruzwe na miimo ya mlango.

Vizingiti ni vitatu, na kile cha kutokea uani kinafika sentimita 4. Woka ya alumini ina uzito wa kilo 3 hivi, naweza kuiinua mbele nikaivusha. Rolata nyingi ni kilo 6 hadi 10, na huko nje nako kuna mtaro na mchanga wa mbele ya nyumba ambao baiskeli zenyewe huufanyia kazi, sembuse magurudumu madogo. Angalia pia iwe alumini kweli, wala si chuma kilichopakwa rangi, kwani umeona hewa yetu ya chumvi inavyoyala mabati.

Usidhani naisema rolata kwa ubaya. Kama bado una nia ya kuinunua, mnunulie shangazi yako wa Raskazone. Magoti yake ni mazima, mikono ina nguvu, kinachomsumbua ni pumzi akitoka sokoni, na kwake ni vigae ndani na lami nje. Yeye atafaidi kiti kile. Mchagulie yenye magurudumu ya sentimita 20 au zaidi, na umwambie kwa msisitizo, maana najua wajukuu wa nyumba ile: asikikalie kabla hajafunga breki zote mbili, na mtu yeyote asimsukume akiwa amekaa juu yake. Kile si kiti cha magurudumu, na akisukumwa kwenye shimo atatupwa.

Fedha itakayobaki, naomba iende kwa fundi mwashi. Baraza yetu ina ngazi mbili, jumla sentimita 30 kutoka chini, na woka haipandi ngazi. Nataka mteremko wa saruji. Hesabu yake ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inadai 12 za kwenda mbele, kwa hiyo ni mita 3.6, na mtaro uko mita 2 tu kutoka barazani. Fundi asiukatize mteremko ukawa mkali ili uishie kabla ya mtaro, bali aulaze ubavuni mwa baraza, upande wa mwarobaini, auache uso wake na mikwaruzo ya ufagio usiwe laini. Choo nacho nitahitaji bomba la kushikia ukutani, lililofungwa kwa boliti na si kwa misumari. Mikeka ya ukumbini nimekwisha kuiondoa, isipokuwa msala wangu, ambao mjukuu hunitandikia na kuukunja nikimaliza. Madera mawili marefu nimeyapandisha pindo, na kandambili sivai tena ila bafuni hazikwepeki, ndiyo maana bomba lile nalitilia mkazo.

Namna ya kutembea nimeifunza na naifanya kila asubuhi mara nne, kutoka chumbani hadi mlango wa mbele: woka kwanza, kisha mguu mgonjwa, kisha mguu mzima, nami nikibaki ndani ya fremu bila kuisogelea mno mbele. Nikitaka kukaa narudi kinyumenyume mpaka nikigusa kiti kwa nyuma ya miguu, ndipo napeleka mikono kwenye kiti. Kosa nililokuwa nikilifanya kwa woka ya jirani ni kuivuta ili niinuke, na woka ikivutwa hupinduka. Naandika haya ili nawe ukija, kwa mapenzi yako, usinivute mkono kuniinua. Simama upande wa kushoto, nyuma kidogo, uniache nisukume kiti mwenyewe.

Ndani ya bahasha utakuta uzi wa cherehani mweusi wenye mafundo matatu. Kutoka ncha hadi fundo la kwanza ni upana wa 58, hadi la pili ni urefu wa 78, na la tatu ni mlango wa choo, 62, nao nimeupima upya kutoka fundo la pili ili usichanganye. Ukifika dukani Kariakoo usinunue kwa macho. Mwambie muuzaji aifungue woka, aisimamishe sakafuni, vitufe vya miguu yote minne viingie kwenye matundu ya kimo kimoja, kisha unyooshe uzi. Itikise uone kama inacheza. Soma kilo zilizoandikwa, nyingi hubeba 100 na kuendelea, nami sifiki 80. Uninunulie na mipira ya akiba, seti mbili. Ule uliolika nimeufungia pamoja na uzi huu, uutazame kwa ndani uone ulivyotoboka, halafu uutupe.

Nisalimie mkeo na watoto. Jirani nimemrudishia woka yake na kumshukuru, nikamwomba asimpe mtu mwingine kabla haijapata mipira mipya na vitufe kulegezwa kutu, naye amekubali.

Wabillahi taufiq.

Mimi mama yako.