Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Katanga: mashine peke yake haisomi picha

Jambo sana, Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni tekinisye wa radioloji hapa Lubumbashi. Kazi yangu ni kuwaweka wagonjwa kwenye mashine na kuwapiga picha. Nakuandikia hadharani kwa sababu ukosefu wa wataalamu wa kuongoza upigaji wa picha na kuzisoma unawaumiza watu wa Likasi, Kasenga na Pweto kuliko sisi tunaokaa mjini, na sauti yao haifiki haraka ofisini kwako.

Tunaahidiwa mashine kila mara, na zinapokuja tunashukuru. Lakini mashine ikishafungwa, nani ataiendesha, na nani atasoma picha yake? Kijana aliyezoea radio ya kawaida, yaani picha ya eksirei, anakabidhiwa skana, mashine inayopiga mwili vipande vipande, fundi wa kampuni anamwelekeza siku chache, halafu anaondoka. Radiolojisti, yaani madaktari wanaosoma picha hizi, ni wachache, tena wengi wao wako hapa mjini.

Kwa hiyo watu wanajitafutia njia. Picha ya kifua inabandikwa kwenye kioo cha dirisha ipate mwanga, mtu anaipiga kwa simu na kuituma kwa WhatsApp kwa munganga (daktari) anayemfahamu. Simu inaibana ile picha ili iwe nyepesi, na mstari mwembamba uliokuwa unaonyesha hewa imevuja nje ya pafu unapotea. Munganga anajibu kwamba haoni shida, na kweli, kwenye picha aliyotumiwa shida haionekani. Mgonjwa anarudishwa nyumbani.

Picha hizi zinaweza kusafiri zikiwa kamili. Tangu 1993 mashine za hospitali zina lugha moja ya kuhifadhi na kutumiana picha, inaitwa DICOM. Kipande kimoja cha skana kina nukta 512 kwa 512, karibu nusu megabaiti. Vipande 400 ni kama megabaiti 200 kabla ya kubanwa kwa njia isiyopoteza kitu. Radio ya kifua ni nyepesi zaidi ya hapo. Ndiyo maana naomba tuanze na kifua. Jimbo letu ni la migodi. Vumbi la mawe na kifua kikuu vinaweza kufanana sana kwenye picha, na mchimbaji anaweza kumeza dawa za kifua kikuu miezi sita kwa ugonjwa ambao si huo. Au akakosa hizo dawa wakati ndizo alizozihitaji.

Ila nakusihi usiishie kwenye kusoma. Msaada wa mbali ambao ungetufaa zaidi ni ule wa wakati picha inapigwa. Mtaalamu anakaa Lubumbashi, anaona kioo cha mashine iliyo Likasi, anaongea na tekinisye: mgeuze kidogo, amepinda, mwambie avute pumzi yote aishikilie, subiri dawa ifike kwenye mishipa ya mapafu kabla hujaanza. Hilo la mwisho ni la sekunde tu. Ukilikosa, mgonjwa ameshapata mionzi, familia imeshalipia dawa hiyo, inayoitwa kontrasti na inayofanya mishipa ionekane kwenye picha, na picha haina jibu. Hata radiolojisti bingwa hawezi kuokoa picha iliyopigwa vibaya. Kampuni za Siemens Healthineers na Philips tayari zinauza mifumo ya kazi hii, na jimbo linaweza kuomba bei bila kujifunga kwa yeyote.

Fikiria baba aliyepooza upande mmoja ghafla. Kabla ya kumpa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lazima skana ionyeshe kwamba hakuna damu iliyovuja kichwani, na kwa kawaida dawa hiyo hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Kutoka Likasi hadi hapa ni kama kilomita 120. Tukimpakia kwenye gari kwanza, saa hizo zinaishia njiani.

Na usiku? Saa nne usiku kwetu, kule Montreal ni alasiri. Wako waganga Wakongomani huko ng'ambo ambao wangeshika zamu wakiombwa rasmi na kulipwa.

Mtu yeyote asikuambie kwamba mfumo huu utapunguza watu hospitalini. Aliye mbali hawezi kumshika mgonjwa aliyebanwa na pumzi baada ya sindano ya kontrasti. Hawezi kupapasa mfuko wa anayeingia kwenye MRI, mashine ya sumaku kali, akiwa na chuma. Tekinisye lazima abaki pale, na kila anaposaidiwa iwe ni somo kwake.

Pesa za kuanzia zipo. Sheria ya migodi (Code minier) ya 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa migodi. Sehemu yake ilipie kwanza betri na sola, maana umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika katikati ya skana tunaanza upya. Pia iandikwe wazi nani anatia sahihi kwenye jibu, na siri ya mgonjwa ilindwe kama inavyotaka sheria ya dijitali ya Machi 2023.

Ninachoomba ni hiki: kabla ya kikao cha bajeti cha Septemba, waite mezani walimu wa ISTM (chuo cha ufundi wa tiba), radiolojisti wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) na sisi tunaoshika mashine. Chagua hospitali moja ya Likasi na moja ya Pweto. Sisi matekinisye tuko tayari kuja siku utakayotuita, hata ikiwa Jumapili.

Kwa heshima,
Tekinisye wa radioloji, Komini ya Katuba, Lubumbashi