Shukrani kwa mzee wa duka la rangi, Ngamiani

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako sikulipata, ila natumaini hapa Tanga yupo atakayekufikishia salamu hizi. Nilikuja kutafuta vanishi ya viti vya mninga vya uani kwa mama, na wewe, mteja tu kama mimi, ukaacha shughuli zako ukanielekeza.

Ulishika kipande cha mbao ukanionyesha kwa kidole: maji hayaingilii sana ubavuni, yanaingilia nchani, pale msumeno ulipokatiza nyuzi. Kwa hiyo kila kiti kipinduliwe, nyayo za miguu zinyweshwe vanishi mpaka zikatae. Hilo hakuna fundi aliyewahi kuniambia, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Mengine nimeyafuata vilevile: msasa namba 80 kuondoa vanishi kuukuu, kisha 120, daima kwa kufuata nyuzi, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye tapentaini, vanishi iwe ya nje, kwani ya ndani hukakamaa na kupasuka juani, mikono ya vanishi, yaani matabaka yake, iwe myepesi, kila mmoja ukauke usiku kucha kabla ya msasa laini wa 220. Na kupaka ni asubuhi, kivulini, maana jua kali huleta malengelenge.

Masika imepita na viti ni vizima. Maji yanateleza juu yake kama kwenye jani la myugwa, na mama anakaa nje kila jioni na wajukuu. Anakuombea dua bila kukujua. Mwenyezi Mungu akujaalie afya na umri mrefu. Ahsante sana, mzee wangu.