Jogoo wa Saa Mbili Usiku

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani, na ahsante kwa haluwa uliyompa binamu yako aniletee. Kopo lilifika limeshafunguliwa na robo imepungua. Nimeamua kuwasingizia watu wa uwanja wa ndege, maana binamu yako ni mtu wa swala tano.

Barua yako yote ina swali moja tu, na naona ndilo lililokutoa usingizini ukaandika: ni kweli nilicheka nikisoma taarifa ya habari? Kweli, somo. Nani kakufikishia habari hiyo mpaka Maskati sijui. Ila hata wewe ulikaa studio miaka tisa kabla hujaolewa, wajua hakuna mtu anayecheka hewani ghafla tu. Ngoja nikuanzie kunakoanzia, yaani bohari.

Tulikuwa tunarekodi mchezo wa redio wa wakulima, na tukio la kwanza ni alfajiri. Alfajiri ya redioni bila jogoo ni kimya tu. Maktaba ya milio unaikumbuka: zile kanda za rili zimeota ukungu, na zile diski za kutoka Uingereza zina jogoo mmoja, naye akiwika nyuma yake zinalia kengele za kanisa. Kijiji cha mchezo wetu kina msikiti na mwembe. Mtayarishaji ni kijana mpya, ana bidii ambayo bado hatujafanikiwa kumponya. Akasema atafutwe jogoo wa kweli.

Mambo ya redio ya umma unayajua. Punda tunamfanya kwa vifuu viwili vya nazi, moto kwa karatasi ya biskuti, na hakuna anayeuliza. Lakini jogoo ananunuliwa. Likaandikwa dokezo, likaenda masijala, likafunguliwa faili, likapanda kwa mkuu wa vipindi, likashuka na swali pembeni: "Kwa nini jogoo na si sauti ya jogoo?" Likajibiwa, likapanda tena. Siku ya kumi na nne masurufu yakatoka. Dereva akatumwa sokoni, akarudi na jogoo mwekundu, kifua kama askari wa gwaride, pamoja na risiti iliyoandikwa "kuku 1". Mhasibu akaikataa, kwa sababu dokezo linasema jogoo. Dereva akarudi sokoni kubadilishiwa risiti, kwa mafuta ya gari ambayo yangetosha kununua jogoo wa pili.

Mtunza bohari naye (yule yule, hajastaafu) akataka kumwingiza kwenye leja. Swali lake, ukilitazama, lilikuwa la haki kabisa: jogoo ni kifaa cha kudumu au cha kutumika? Kama ni cha kudumu, apigwe namba. Wallahi alikuja na kopo la rangi nyeupe na brashi. Akasimama mlangoni pa studio anamtazama jogoo mguuni, na jogoo anamtazama yeye machoni, mpaka mmoja wao akaondoka. Hakuwa jogoo.

Basi jogoo akagoma kuwika. Studio kama unavyoijua: zulia mpaka ukutani, mlango mzito, hakuna dirisha, hata mtu mzima akiwa mle hajui kama ni mchana au usiku. Tukambembeleza kwa mtama. Tukampigia yule mwenzake wa Kiingereza kwenye spika. Akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akanya juu ya meza ya mitambo. Waigizaji wakaanza kusinzia. Saa nane mchana, fundi mitambo wetu, yule mrefu mwenye sauti nyembamba, njaa ikamzidi. Akaingia ndani, akavuta maikrofoni, akawika mwenyewe. Akawika vizuri sana, somo, na jogoo akageuza shingo. Hiyo ndiyo alfajiri utakayoisikia mchezo ukirushwa.

Na usidhani ni sisi tu. Tarehe 19 Mei 1924 BBC walibeba mitambo yao mpaka bustanini kwa mpiga selo mmoja (ile fidla kubwa), Beatrice Harrison, huko Surrey, Uingereza, ili kile kindege cha kwao kinachoimba usiku kisikike hewani moja kwa moja. Bibi wa watu akapiga selo weee, usiku unakwenda, kindege kimya. Kikafungua mdomo matangazo yakikaribia kufungwa. Watu wakafurahi hivyo hivyo, ikawa ada ya kila mwaka. Siku hizi wapo wanaodai kwamba huenda aliyeimba usiku ule ni binadamu stadi wa kuiga ndege, aliyewekwa akiba. Nilimsimulia fundi wetu habari hiyo kumliwaza, na sasa anatembea kama mtumishi aliyepandishwa daraja.

Turudi kwa jogoo. Bohari inafungwa saa tisa na nusu, na mtunza bohari alikwishakwenda zake bila kusaini kumpokea. Kwa hiyo jogoo akalazwa katika boksi la karatasi studio ya pili, taa imezimwa, amani tele. Ukuta kati ya studio ya pili na ya habari una ule ufa. Ule ule, somo! Dokezo lake uliliandika wewe.

Saa mbili kasorobo usiku mama wa usafi akafungua studio ya pili, akawasha taa zote nne.

Mimi nimekaa kwenye kiti changu, hedifoni masikioni, ile sponji ya maikrofoni inanukia karafuu na sigara za watu waliostaafu zamani. Taa nyekundu ikawaka. Habari ya kwanza nikasoma, ya pili nikasoma. Ya tatu ilikuwa ya semina ya maofisa wa mizani na vipimo, habari kavu kuliko hizo za mizani sijawahi kuisoma. Mara: kokoriko!

Nikadhani ni hedifoni. Nikaendelea. Kokoriko, ya pili, ndefu, kwa maringo. Mkono ukaenda kwenye kitufe cha kukoholea, lakini kitufe hicho kikimnyamazisha jogoo kinaninyamazisha na mimi, na habari haisomwi kwa bubu. Nikajifinya paja kama alivyotufundisha yule bibi aliyetupokea kazini. Unakumbuka? "Ukitaka kucheka, mfikirie mwenye nyumba wako." Nikamfikiria mwenye nyumba. Nikafika salama kwenye "kilogramu". Kokoriko ya tatu! Na hiyo nayo ningeimeza, naapa, ila nikainua macho nikatazama kwenye kioo. Fundi wetu amesimama, mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, anatikisa kichwa kwa nguvu, na midomo yake inasema bila sauti: "Si mimi! Si mimi!"

Basi. Kilogramu ilinitoka kwa vipande vitatu, kilichofuata hakikuwa Kiswahili. Wakanifungia maiki, wakaweka santuri. Ya taarabu.

Simu zililia mpaka saa nne. Mzee mmoja aliuliza kama tumehamia shamba, na kama tumehamia, mayai tunauzaje trei. Kesho yake nikaletewa barua: nieleze kwa maandishi kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kucheka wakati wa kusoma habari. Nikaandika kwamba sikucheka, nilipaliwa. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, na muhuri: "Maelezo yako yamepokelewa. Siku nyingine upaliwe baada ya habari."

Na usinicheke sana, kwa sababu na wewe unajulikana. Nani alisoma tangazo la kifo, akabadilisha mfiwa na marehemu? "Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo," nazo zikamfikia marehemu mwenyewe akiwa anakunywa kahawa barazani. Mpaka leo mapokezi wanamsimulia yule mzee, kanzu yake na bakora yake, anauliza kwa upole sana ni nani aliyemuua. Nawe ulijificha chooni! Nami ndiye niliyetoka kumwomba radhi, yeye akaniita kwa jina, na mimi kwa kuwa jina letu ni moja nikaitika. Ile bakora ilikuwa yako, somo. Halafu mhasibu akauliza nani atalipia tangazo la kufufuka.

Mwanangu juzi alinionyesha kwenye simu yule Mkongo wa BBC, Guy Goma. Mtu katoka zake Brazzaville, Mei 2006 anakwenda kwenye usaili wa kazi ya kompyuta, wakamchanganya na mwandishi wa teknolojia, Guy Kewney, wakamkalisha mbele ya kamera wakamhoji hewani kesi ya Apple. Ule uso wake anapotambulishwa! Mwanangu anacheka, mimi namwonea huruma. Akajibu maswali yote, maskini, na kazi hakupata. Kwetu hilo haliwezi kutokea. Mlinzi wetu wa getini hamruhusu hata mgeni tuliyemwalika. Mwezi uliopita alimzuia daktari wa kipindi cha afya kwa sababu jina kwenye daftari limeandikwa bila "Dk." Kipindi kizima cha shinikizo la damu tukapiga muziki, na shinikizo la mtayarishaji tukaliona wenyewe.

Sasa mwisho wa jogoo, najua unaungoja. Hakuchinjwa. Mali ya umma haichinjwi bila kamati. Mlinzi alimchukua akae naye kibandani kwa muda, wakati uamuzi unasubiriwa, na mke wa mlinzi akaleta tetea wawili kutoka kwake ili jogoo asipate upweke. Wiki jana wakaja wakaguzi wa ndani kuhakiki mali. Leja inasema jogoo mmoja. Getini wakahesabu jogoo mmoja, matetea wawili na vifaranga kumi na mmoja. Mtunza bohari ameandika dokezo jipya, kurasa mbili, kuuliza vifaranga ni vya serikali vyote au nusu kwa nusu na mke wa mlinzi. Limeshapanda.

Nisikilizie bei ya udi huko, ule mzuri, si ule ulioniletea mwaka juzi. Msalimie shemeji, mbusu Bibi Kizee wako mdogo. Nakuandikia nikiwa zamu, imetimu saa tano usiku, na huko getini ameshaanza.

Ni mimi, somo yako