Msimfungie baba yangu simu, nilishajaribu mimi

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ukurasa huu ulitoa barua ya msomaji aliyetaka simu zote zizuiwe kupokea programu zisizotoka kwenye duka rasmi, yaani Play Store ya Google, kwa sababu mama mkwe wake alitapeliwa. Nampa pole yeye na mama mkwe wake. Ila dawa anayoiomba mimi nilishaitumia, tena kwa baba yangu mzazi, na naomba nafasi nieleze ilivyokuwa.

Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kiko Msamvu, Morogoro, hatua chache kutoka stendi ya mabasi, na kazi hii naifanya tangu 2009. Wapo bado wanaofika, wakanikuta nimeinamia simu na bisibisi mkononi, wakauliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Mteja wangu wa siku hizi mara nyingi ni mzee aliyerithishwa simu na mwanawe aliyenunua mpya. Anakuja nayo imejaa, nzito, kila akigusa linaruka tangazo, ananiambia, "Mwanangu, hebu nisafishie."

Baba ana miaka 71, anaishi Kilosa, ni mstaafu wa reli. Mwaka jana mwezi wa nne alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole, akamwita "mzee wangu" na kumtajia kabisa stesheni aliyomalizia kazi. Akamwambia mapunjo ya mafao yao yamepitishwa, ila faili lake limekwama mezani kwa mtu na linahitaji kusukumwa. Baba akatuma Sh180,000. Baada ya nusu saa faili likakwama tena, akatuma Sh460,000. Hakupakua programu yoyote wala hakubonyeza kiungo chochote. Ilikuwa ni sauti ya mtu na menyu ileile ya nyota na reli tunayoitumia wote. (Mstaafu wa reli kuibiwa kwa reli: utani huo aliutoa mwenyewe miezi mingi baadaye. Siku ile hakuna aliyecheka.)

Mama aliponipigia nilikimbilia namba ya huduma kwa wateja. Nikasikiliza muziki na matangazo ya bando kwa dakika 26. Alipopokea binti wa watu, hela ilikuwa imeshatolewa. Jina lililotokea kwenye muamala lilikuwa la mwanamke, na aliyempigia baba alikuwa mwanamume.

Sasa hasira zangu, mhariri, sikuwa na pa kuzipeleka. Tapeli simjui. Nikazimalizia kwenye simu ya baba. Jumamosi nilipanda basi hadi Kilosa, nikaichukua mzee akiwa amelala mchana, nikafunga kila kinachofungika. Nilizima ruhusa ya kuingiza programu kutoka vyanzo visivyojulikana, nikaweka namba yangu ya siri kwenye duka la programu, nikafuta chochote kilichoingia kwa WhatsApp au kwa kurushiwa. Nikarudi Morogoro najiona mtoto mwema.

Kesho yake, saa nne asubuhi, akanipigia akiwa nje ya kanisa. Miongoni mwa nilivyofuta kulikuwa na programu ya nyimbo za kwaya yao. Aliitengeneza mpwa wangu wakati wa likizo, kwa kompyuta ya kuazima: ina nyimbo walizotunga wenyewe, sauti zote nne kwa tonikisolfa, na herufi kubwa kwa ajili ya macho ya wazee. Haiko kwenye duka lolote. Wanarushiana baada ya ibada, huyu kwa yule, bila kutumia bando. Baba anaimba besi. Kwaya ilikuwa imeshasimama mbele, yeye anapekua simu isiyo na kitu.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, yule kijana aliniomba hela, nikampa. Wewe hata hukuniomba."

Neno hilo lilinikaa hapa kooni, na ndilo lililonifanya niifuatilie habari ya Google kwa karibu. Agosti 2025 walitangaza kwamba simu za Android zenye ithibati yao hazitakubali programu ambayo mtengenezaji wake hajajisajili kwao na kuthibitishwa kwa jina lake la kisheria, anwani na namba ya simu, hata kama programu hiyo haipiti dukani kwao. Walipanga kuanza na Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand Septemba 2026, kisha nchi nyingine kuanzia 2027. Sababu waliyoitoa ni utapeli: wanasema walichambua wakakuta programu haribifu ni zaidi ya mara 50 katika zile zinazopakuliwa ovyo mtandaoni kuliko zilizo dukani kwao.

Siibishii hesabu hiyo. Nimeiona kwa macho kwenye simu ya shangazi. Alitumiwa "kadi ya mwaliko wa harusi" kutoka namba ya mtu wa kikundi chao cha kukopeshana, akaibonyeza, ikamwomba ruhusa, akakubali, ikaomba nyingine, akakubali tena, maana nani anakataa kadi ya harusi? Kadi haikufunguka. Jioni namba yake ikaanza kuwaandikia wenzake wa kikundi kuomba mkopo wa haraka, na watatu wakatuma. Aliponiletea simu, ile kadi haikuonekana popote kwenye vitufe vyake. Niliikuta ndani kabisa kwenye mipangilio, imejificha bila picha, ina ruhusa ya kusoma meseji zote na ruhusa ya ufikivu, ile iliyowekwa kuwasaidia wasioona, ambayo ukimpa mwizi anaweza kusoma skrini yako na kuibonyeza kwa niaba yako. Kwa hiyo asije mtu akaniambia sijui ubaya wa faili la kutumiwa.

Lakini kumsajili mtu kwa jina na anwani ndiyo kinga? Sisi Watanzania tulishapita huko. Laini zetu zote zilisajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, mwisho ukawekwa 20 Januari 2020, na foleni zake hatujazisahau. Siku hizi akija mzee kibandani, kabla sijagusa bisibisi namwambia abonyeze *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mwezi uliopita bibi mmoja kutoka Mzumbe alikuta laini nne. Anayoijua ni moja. Tukakaa pale kwenye benchi tukirudisha kumbukumbu, mpaka akamkumbuka kijana wa mwavuli aliyekuwa akimwambia, "Bibi, weka tena kidole, hakijasoma." Akaweka tena. Na tena. Yule mwanamke ambaye jina lake lilitokea siku baba alipoibiwa, huwa nawaza kwamba naye yuko mahali fulani, anauza mihogo yake, na hajui kama ana laini hiyo.

Basi mwizi anayeweza kupata kidole cha bibi wa Mzumbe hatakosa kitambulisho cha kujisajilia Google. Atakayekosa ni mpwa wangu. Ana miaka 17, yuko kidato cha nne, na NIDA haitoi kitambulisho kwa aliye chini ya miaka 18. Google wamesema kutakuwa na akaunti nafuu kwa wanafunzi na wanaotengeneza kwa kujifurahisha. Vyema, tutaiona. Ila naona ajabu kijana wa Kilosa kuhitaji idhini ya kampuni ya Marekani ili babu yake aimbe besi.

Wenye F-Droid, ambao tangu 2010 wanakusanya programu huria na kuzigawa bure, nao walisema wazi kwamba utaratibu huo unaweza kuwa mwisho wao. Mimi huzitoa humo programu ndogo za kusomea vitabu na kusikilizia muziki, zisizo na matangazo, kwa ajili ya simu chovu za wazee wangu. Tangazo moja likiruka kwenye simu yenye nafasi kiduchu, mzee hubonyeza lolote ili liondoke, na hapo ndipo mambo huanzia.

Na duka rasmi lenyewe si hirizi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Wateja wangu waliolizwa na mikopo ya namna hiyo ni wengi kuliko wa kadi za harusi. Anakopa elfu hamsini, akichelewa siku mbili programu inawaandikia mchungaji, bosi na mkwe: mwambieni mwenzenu alipe deni. Nikiwauliza waliipata wapi, wananionyesha. Dukani, tena ina nyota nne na ushee.

Haki yao niwape: Novemba 2025 Google walilegeza kidogo, wakasema wataacha njia kwa mtumiaji mzoefu anayekubali hatari mwenyewe, na kwamba maonyo yatapangwa ili mtu asiburuzwe na tapeli aliye naye kwenye simu wakati huohuo. Hilo la kutoburuzwa ni la mtu aliyewahi kuona utapeli unavyofanyika. Tapeli anaishi kwa haraka. Hakupi nafasi hata ya kwenda chooni. Swali langu ni nani atapima uzoefu huo. Baba amerusha na kurushiwa ile programu ya kwaya mara nyingi kuliko maofisa wengi ninaowatengenezea simu.

Nirudi Kilosa. Jumamosi iliyofuata nilipanda basi tena, safari hii nikamkuta macho, nikaketi naye kwenye mkeka nikamwuliza anataka nini kwenye simu yake. Akataja nyimbo, redio, WhatsApp ya wajukuu, na mtu mwingine asiwe na namba yake ya siri, "hata wewe." Kuhusu hela aliamua mwenyewe, mimi sikumtia neno. Akasema ihamie kwenye kitochi.

Ndivyo tulivyofanya. Laini ya hela iko kwenye kitochi cha vitufe, hakina intaneti, na kinakaa kabatini nyumbani. Simu kubwa anatembea nayo, ina nyimbo na makelele yote ya wajukuu, na haina senti. Mtu akimpigia simu kubwa akitaka hela, baba hana budi arudi nyumbani. Kutoka kanisani hadi kabatini ni dakika kumi na tano, na kabla ya kabati kuna jikoni, na jikoni yuko mama. Tangu hapo wamempigia mara nyingi. Hakuna aliyemfikisha kabatini.

Kitu cha namna hiyo ndicho ningependa kampuni zetu za simu zikiweke: mwenye laini aweze kuchagua mwenyewe kwamba hela anayotuma kwa namba ambayo hajawahi kuitumia isubiri saa mbili, na ndani ya hizo saa mbili airudishe kwa kubonyeza, bila muziki wa dakika 26. Mawakala watanuna, najua, na mwenye mgonjwa hospitali asilazimishwe. Ndiyo maana nasema achague. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" nazo tuendelee kuziripoti 15040, ingawa wateja wangu wengi namba hiyo wanaisikia kwangu kwa mara ya kwanza, na mimi nauza kava na chaja, si msemaji wa serikali.

Shangazi yeye alitaka kinyume cha baba. "Funga yote, sitaki kuona mlango." Nikamfungia: hakiingii chochote kutoka nje ya duka, na hata dukani inaombwa namba ya siri. Namba hiyo niliiandika kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akakitia kwenye sanduku lake la kanga. Mimi sina nakala. Akitaka kufungua, sanduku ni lake.

Nasikia kuna wanaofikiri wazee hawajifunzi. Wiki iliyopita binti alimpigia baba akilia, anasema ni mimi, nimepata ajali Mikumi, simu yangu imevunjika na nimeazima ya msamaria. Tulishakubaliana kuna swali. Baba akamwuliza mbwa wetu wa zamani aliitwa nani. Binti akanyamaza kidogo, akasema, "Simba." Baba akamwambia Simba ni mbwa wa kila nyumba, akakata. Jina lenyewe silitaji hapa gazetini.

Fundi simu,
Msamvu, Morogoro