Matembezi na watoto wadogo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wazazi wenzangu wasipange matembezi ya watoto wadogo kwa ratiba ya watu wazima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unapendekeza mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwamo. Anayekosa usingizi huo hulia hata mbele ya bembea aliyoililia asubuhi. Juzi binti yetu wa miaka 3, baada ya kilio kirefu njiani, alichuchumaa karibu nusu saa, kidole mdomoni, akiwatazama sisimizi wakivuka njia, nasi tukaahirisha mengine yote. Nyumbani hakusimulia kingine ila sisimizi wale.

Mzazi, msomaji wako.