Njia za Skipton ni za kila mtu, tusiogope kuzipita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na wazazi wenzangu tunaokwenda Uingereza kusalimia watoto na kuona wajukuu. Nikikutana na aliyerudi kutoka huko, simulizi ni ile ile: baridi, televisheni, kukaa ndani mpaka mwanao arudi kazini, na Jumamosi kupelekwa kwenye maduka makubwa kutazama vitu usivyokusudia kununua. Mzazi anarudi nyumbani miguu imevimba kwa kukaa. Hili linaniuma, kwa sababu nchi ile ina matembezi mepesi yasiyo na kiingilio, na hakuna anayetuambia.

Binti yangu anaishi Keighley, katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Ukipanda treni pale, kituo cha tatu ni Skipton, mji wa soko wa tangu zamani. Mfalme John aliupa hati ya kufanya soko mwaka 1204, na hadi leo wauzaji wanapanga meza zao pande zote mbili za barabara kuu Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Juu ya barabara hiyo kuna kanisa na ngome yenye umri wa zaidi ya miaka 900. Chini yake, nyuma ya maduka, unapita mfereji, na huko ndiko ninakotaka wazee wenzangu wapelekwe.

Magoti yangu hayapandi tena vilima, na eneo lile ni vilima vitupu. Mfereji ndio ulionifungulia njia. Unaitwa Leeds and Liverpool Canal, una urefu wa maili 127, yaani zaidi ya kilomita 200, na ulianza kuchimbwa mwaka 1770 ukamalizika mwaka 1816. Mashua inapotakiwa kupanda au kushuka, huingizwa katika chumba cha mawe chenye malango mazito ya mbao, maji yakajazwa au kupunguzwa. Kila chumba cha namna hiyo ni gharama na kinakula muda, basi wachimbaji waliukunja mfereji ukafuata usawa wa bonde kila walipoweza. Kuanzia Bingley, ambako kuna vyumba vitano vya namna hiyo vilivyopandana, hadi karibu na kijiji cha Gargrave, hakuna chumba kingine hata kimoja kwa takribani maili 17. Skipton iko ndani ya kipande hicho. Maana yake kwa mzee ni kwamba kushoto au kulia, unatembea tambarare. Njia yenyewe iko ukingoni kabisa mwa maji, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya farasi waliokuwa wakikokota mashua kwa kamba. Siku hizi mfereji unatunzwa na shirika la hisani, Canal & River Trust, na kutembea pembeni yake ni bure.

Anayeanza aanze na kipande kifupi kabisa. Katikati ya mji mfereji una tawi linaloitwa Springs Branch, halifiki kilomita moja, lililochimbwa na ukoo wa Thanet, wenye ngome wa wakati huo, ili kutoa mawe ya chokaa kwenye machimbo yao. Njia inapita kati ya tawi hilo na kijito cha Eller Beck, maji kushoto na maji kulia, huku mwamba umesimama wima na kuta za ngome ziko juu yake. Ngome hiyo ilizingirwa kwa miaka mitatu wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ikasalimu amri Desemba 1645. Kuingia ndani ni kwa kulipa. Kuitazama kutoka chini hakuna malipo, na mimi naona huku chini ndiko unakoelewa kwa nini ilichukua miaka mitatu. Ukiendelea mbele unaingia kwenye msitu wa miti mirefu, na majira ya kuchipua ardhi yote hujaa vitunguu saumu vya porini. Harufu yake unaipata kabla hujaviona.

Mimi nilifundisha sayansikimu maisha yangu yote ya kazi, na ushonaji ndio ulikuwa somo nililolipenda zaidi. Kwa hiyo nilisimama sana mbele ya jengo refu la mawe lililo kando ya mfereji karibu na kituo cha treni. Hicho kilikuwa kiwanda cha Dewhurst, kilichotengeneza uzi wa cherehani wa Sylko. Wenye umri wangu wataukumbuka, ulizungushwa kwenye kijiti cha mbao na jina limeandikwa kwenye karatasi ya duara pale mwishoni. Mama yangu aliutunza kwenye kopo la biskuti na hakuruhusu mtu aukate kwa meno. Kiwanda kiliwekwa ukingoni mwa maji kwa sababu makaa ya mawe ya kuendeshea mitambo yaliletwa kwa mashua hadi mlangoni. Sasa jengo lina matumizi mengine, lakini limesimama vile vile, na nilifurahi kulionyesha kwa mjukuu wangu ambaye hajawahi kuona cherehani ya miguu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Wengi wetu hatuvuki mpaka wa mji kwa sababu ya woga. Tunaona lango la shamba, ng'ombe, nyumba ya mtu, tunasema hapa tutafukuzwa, au tutaitiwa polisi, hasa sisi wageni wenye sura inayoonekana kutoka mbali. Woga huo naujua. Nilipotoka kwenye mfereji kufuata kinjia cha malishoni, nilimkuta mkulima anashusha majani makavu kutoka kwenye trela, nikasimama kumwomba ruhusa. Hakuonyesha kushangaa. Alininyooshea kidole kwenye nguzo ya lango, palipopigiliwa mshale wa njano, akaniambia njia ile haiombewi ruhusa, ni ya watu wote, na akanitajia mahali penye tope nipazunguke.

Ndugu msomaji, ushike huo mshale. Wa njano ni njia ya waenda kwa miguu. Wa buluu ni njia ambayo farasi na baiskeli pia wanaruhusiwa. Njia hizi zinakatiza kwenye mashamba ya watu binafsi, lakini haki ya kupita ni ya umma na inalindwa na sheria. Mwenye shamba hana mamlaka ya kuifunga, na halmashauri inatakiwa kuwa na ramani inayoonyesha kila moja. Sheria ya ramani hizo ni ya mwaka 1949, na haikuja kwa hisani. Mwaka 1932 vijana wafanyakazi, wengi wao kutoka Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege, na watano kati yao walifungwa jela. Watu walidai hadi wakapata. Haki waliyoidai haina kipengele kinachosema mgeni asiitumie, wala mweusi, wala mzee wa mkongojo.

Wajibu wetu ni mdogo. Usiache njia na kukanyaga mazao. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi, maana mkulima ana sababu zake. Mbwa afungwe kamba penye kondoo. Usipite kati ya ng'ombe na ndama wake, zunguka kwa mbali hata kama njia inapita hapo hapo. Baadhi ya kuta hazina lango, zina mawe yaliyochomoza kama vidato vya kuvukia, na hapo mwenye magoti kama yangu ashikwe mkono au arudi kwenye mfereji bila kuona haya.

Kwa mwenye nguvu kidogo, mfereji ukiufuata kuelekea kusini mashariki unafika Bradley. Kando ya maji pale kuna ukumbusho wa wanajeshi wa anga wa Poland ambao ndege yao ilianguka mwaka 1943. Vijana waliofia mbali na mama zao. Niliwaombea. Mbele zaidi ni Kildwick, kwenye kanisa refu la kale. Upande wa magharibi uko Gargrave, kama kilomita 8, na huko kuna kituo cha treni unayoweza kurudia Skipton, ila treni ni chache, hivyo ratiba iangaliwe kabla ya kuondoka nyumbani.

Viatu viwe vyenye soli ya kushika, kwa maana mvua ikinyesha ukingo unateleza. Waendesha baiskeli hupiga kengele kwa nyuma. Sogea upande usio wa maji. Na muda muuangalie. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, wakati Juni mwanga upo hadi saa tatu usiku imepita. Anayepanga safari ya kumwona mwanawe achague kati ya Mei na Septemba kama ana hiari.

Nanyi vijana wetu mlioko huko, siwalaumu kwa kukosa muda, najua zamu zenu. Lakini siku moja ya mapumziko mpelekeni mama au baba hadi ukingoni mwa mfereji, mwonyesheni mshale wa njano, mpeni simu yenye salio na namba yenu kwenye karatasi, kisha siku inayofuata mwacheni aende mwenyewe. Mzazi aliyelea watoto na kulima mashamba hapotei kwenye njia iliyonyooka yenye maji upande mmoja.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba ukurasa wenu wa safari, ambao kila wiki hutuonyesha viwanja vya mpira na majumba ya London, utenge nafasi kwa matembezi ya namna hii, pamoja na ramani ndogo na maelezo ya mishale. Miji ya soko yenye mfereji iko mingi nchini humo, na wasomaji wenu walioko huko waalikwe kuandika kuhusu iliyo karibu nao. Ikiwezekana itoke kabla ya Mei, wakati wazazi wengi wanaanza kukata tiketi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa sayansikimu,
Tanga